Jina na Mwenye Jina

Yako majahazi ambayo hufanyiziwa ubao mmoja mmoja. Mwaka huu hubadilishwa mbao za ubavuni, mwaka ujao mkuku, mwaka wa tatu mlingoti na tanga, hata ikafika siku ambapo hapana ubao uliosalia katika zile alizozichonga fundi wa kwanza. Walakini jahazi huitwa kwa jina lile lile, na mabaharia hulipanda bila wasiwasi. Je, msomaji, ni jahazi lile lile? Wanafalsafa wa Uyunani walilijadili swali hili zamani sana, wala hawakupatana. Mimi nalileta mbele yako kwa sababu ya swali jingine lililo nyuma yake, ambalo ni la maadili: watu wabadilishapo kazi yao na kulishika jina lao la zamani, je, wamewasaliti waliowapenda, au wametumia haki yao?

Nitatoa mfano wa bendi ya Waingereza iitwayo Fleetwood Mac. Ilianzishwa London mwaka 1967 na kijana Peter Green, mpiga gitaa ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amekishika kiti cha Eric Clapton katika bendi ya John Mayall. Muziki wao ulikuwa bluzi, yaani nyimbo zilizozaliwa na watu weusi wa kusini ya Marekani katika taabu zao, nao vijana hao walizipenda kwa dhati. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1968. Mwezi wa Januari 1969, wimbo wa Green uitwao Albatross, ambao hauna neno hata moja la kuimbwa, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Hapana aliyekuwa na shaka kwamba roho ya bendi ni Green. Lakini tazama jina: Fleetwood ni Mick Fleetwood, mpiga ngoma, Mac ni John McVie, mpiga gitaa la besi, ambaye wakati jina lilipochaguliwa alikuwa hata hajaingia katika bendi. Mwenye sifa zote hakujitaja. Aliwataja wale wasimamao nyuma na kushika mwendo.

Mwezi wa Mei 1970 Green aliondoka. Dhamiri yake ilikuwa imeanza kusumbuka kwa ajili ya fedha, akataka mapato ya bendi wapewe wenye kuhitaji, na wenzake hawakukubali. Tena akili yake iliingiwa na maradhi yaliyomtesa miaka mingi baadaye. (Ni ajabu kwamba watu humkumbuka kwa maradhi yake kuliko kwa swali alilouliza, maana swali lile la fedha lingetosha insha nzima.) Mwaka 1971 mpiga gitaa wa pili, Jeremy Spencer, alijiunga na kundi la dini huko Los Angeles, asirudi. Mwaka 1972 wa tatu, Danny Kirwan, alifukuzwa. Nyuma yao waliingia wengine: Christine McVie, mke wa John, mpiga piano mwenye sauti tulivu, na Bob Welch, Mmarekani, aliyedumu mpaka mwaka 1974. Kila aliyetoka aliondoka na ubao wake, na kila aliyeingia alileta wa mti mwingine. Bluzi ilipungua kidogo kidogo, na nyimbo za mapenzi zenye sauti laini zikaongezeka.

Mwaka 1974 likatokea jambo ambalo lafaa liangaliwe sana. Msimamizi wao wa biashara alidai kwamba jina ni mali yake. Akakusanya wanamuziki wengine, ambao hapana hata mmoja wao aliyekuwa wa bendi ile, akawapeleka Marekani kupiga mbele ya watu kwa jina la Fleetwood Mac. Watu walilipa, wakaingia, wakatazama jukwaani, wakaona nyuso wasizozijua. Mashauri yalikwenda mahakamani, na bendi ya kweli ikahamia Los Angeles ili itetee jina lake.

Mwishoni mwa mwaka ule ule, Fleetwood alikwenda kutazama studio moja ya Los Angeles, na fundi wa sauti akamchezea wimbo ili aonje ubora wa mitambo. Wimbo ulikuwa wa vijana wawili wa Kimarekani, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, ambao santuri yao ya mwaka 1973 haikununuliwa. Nicks alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia meza na kusafisha nyumba ili wapate chakula. Fleetwood alimtaka mpiga gitaa peke yake. Buckingham alijibu kwamba haji bila mwenziwe. Wakachukuliwa wote wawili, na mwezi wa Julai 1975 ikatoka santuri iliyoitwa kwa jina la bendi tu, Fleetwood Mac, kana kwamba ndiyo kwanza wanazaliwa. Ndani yake watungaji watatu walipokezana, na sauti tatu zikasukwa pamoja mithili ya ukili. Bluzi ya London ilikuwa imekwisha. Santuri ile ilipanda polepole, na ilifika kileleni Marekani mwezi wa Septemba 1976, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutolewa. Iliyofuata, Rumours ya mwaka 1977, imeuzwa nakala zaidi ya milioni 40 duniani.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mwenzangu mmoja wa bweni alikuwa na nyimbo hizi zote katika kompyuta yake, za zamani na za baadaye. Usiku mmoja aliyafunga mazungumzo kwa hasira akisema: "Hawa waliiba jina la marehemu ambaye hajafa." Wakati ule Green alikuwa hai, alifariki mwaka 2020. Nilicheka, lakini neno lile halikunitoka. Nami nakiri kwako, msomaji, kwamba gitaa la Green hunigusa kuliko santuri zile zilizouzwa kwa mamilioni. Ningeweza kuwa upande wa mwenzangu.

Lakini kupenda ni jambo moja, na kudai ni jambo jingine. Mpenzi wa bluzi aliyeinunua santuri ya mwaka 1975 akasikia muziki asioutarajia, alipoteza nini alichokuwa nacho? Santuri ya mwaka 1968 ilikuwa bado kabatini mwake, na hapana aliyemnyang'anya. Alichokosa ni kile alichotumaini kupata kesho, na kesho ya mtu mwingine haiwi mali yetu kwa sababu tulipenda jana yake. Angalia sasa wale waliolipa mwaka 1974 wakaonyeshwa bendi bandia. Hao walidhulumiwa kweli. Huenda wapigaji wale walizipiga nyimbo za zamani vizuri kabisa, wala mtindo haukubadilishwa. Kilichobadilishwa ni watu, na jambo hilo lilifichwa. Katika santuri ya mwaka 1975 kila kitu kilibadilika ila hapana kilichofichwa: majina ya wageni yalichapishwa, na picha ya jalada ni ya Fleetwood na McVie, wawili wale wale wenye jina. Kwa hiyo naona kosa halimo katika kubadilika. Limo katika kumfanya mtu aamini kwamba hukubadilika.

Utaniuliza: je, kama walibadilika kwa tamaa ya fedha? Swali hilo ni la haki, lakini halikai vizuri juu ya watu hawa. Mwenye tamaa hufuata njia aliyokwisha kuona faida yake, nao waliwachukua vijana wawili ambao soko lilikuwa limewakataa. Zaidi ya hayo Fleetwood amesimulia kwamba Green aliipa bendi jina lile akijua kuwa siku moja ataondoka, naye alitaka mpiga ngoma na mpiga besi wabaki na kitu cha kushika. Ikiwa ndivyo, mwenzangu wa bweni alikosea: jina halikuibwa, lilitolewa kwa hiari na mwenye kuweza kulizuia.

Hata hivyo iko sehemu ya lawama ambayo siwezi kuiondoa. Jina linapoendelea kuzaa matunda, wako waliolimwagilia maji ambao hawamo tena mezani. Danny Kirwan, aliyepiga na kutunga katika bendi ile tangu alipokuwa kijana wa miaka 18, aliishi kwa muda London bila makao, na alifariki mwaka 2018. Sisemi kwamba wenziwe walimdhulumu. Nasema kwamba mwenye kuchukua jina huchukua na deni lililo ndani yake, na deni hilo hesabu za biashara hazilionyeshi. Buckingham naye, aliyekataa kuingia bila mwenziwe, alitolewa katika bendi mwaka 2018.

Mwezi wa Januari 1998 bendi ilitunukiwa heshima huko New York katika Jumba la Sifa la Roki. Waliotajwa walikuwa wanane: Fleetwood, John na Christine McVie, Buckingham na Nicks, pamoja na Spencer, Kirwan na Green. Welch hakutajwa. Green alikuwapo usiku ule, amenenepa, mpole, maneno machache. Hakupiga pamoja na Fleetwood Mac. Alipanda jukwaani pamoja na Carlos Santana, wakapiga Black Magic Woman, wimbo alioutunga yeye mwaka 1968 na ambao watu wengi mpaka leo hudhani ni wa Santana.