Heshima Kwanza, Posa Baadaye



Katika kila parokia ya nchi yetu wako wanawake waliofikia umri wa miaka 40, 45 au 50, nao hawana mume. Wengine hawakuposwa kamwe. Wengine waliposwa, na posa ikavunjika. Wengine waliuguza wazazi wao na kuwasomesha wadogo zao, na siku walipoinua macho waliwaona wenzao wa rika moja wakibeba wajukuu. Wengine ni wajane, waliozika waume zao mapema. Hao ndio wapambao altare siku ya Jumamosi, ndio watunzao fedha za Jumuiya, ndio wawafundishao watoto wetu katekisimu. Walakini wakisha kutoka kanisani, swali moja huwafuata njiani: “Na wewe, lini?”

Swali hili twaliona dogo. Twalitamka kwa kicheko arusini, na pengine hata msibani. Lakini mwanamke aliyelisikia kwa miaka 20 mwisho huanza kuamini kilichofichika ndani yake, yaani kwamba yeye ni masazo, chakula kilichobaki baada ya wageni kuondoka. Leo twataka kulinena jambo hili waziwazi, maana si shida ya wanawake hao peke yao. Lawagusa wazazi, kaka, mawifi, majirani na mapadre. Lawagusa wote wajiitao familia ya Mungu.

Kanisa lafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya watu wawili, na kwamba hakuna mamlaka yoyote duniani iwezayo kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Ndivyo isemavyo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 katika kanuni ya 1057. Kanuni ya 219 yaongeza kwamba kila mwamini ana haki ya kuchagua hali yake ya maisha pasipo kushurutishwa. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yadai ridhaa ya hiari. Tusikiapo neno shuruti, twamfikiri baba mkali aliyeshika fimbo, au mjomba aliyekwisha kula mahari. Lakini iko fimbo nyingine isiyotoa sauti, nayo ni aibu. Mwanamke aliyeaminishwa kwamba hana thamani bila mume atamwitikia yeyote abishaye hodi, si kwa sababu ampenda, bali kwa sababu aogopa kwamba hodi nyingine haitasikika tena.

Hatusemi kwamba ndoa ya namna hiyo si ndoa. Hukumu hiyo si yetu kuitoa. Twasema tu kwamba anayemfukuza dada yake kwa maneno hata akaingia nyumba ya kwanza aionayo, huyo asidai baadaye kwamba dada alichagua mwenyewe.

Matunda ya fimbo hiyo twayajua. Yuko mwanamume mwenye mke na watoto, ajaye usiku na kuondoka kabla ya alfajiri, akiahidi mambo ambayo hana ruhusa ya kuyatimiza. Yuko yule wa kwenye simu, mwenye picha nzuri na maneno matamu, ambaye kabla hajaonana na mtu hata siku moja aomba atumiwe fedha za kukomboa mzigo wake bandarini. Yuko na yule ambaye katika ziara yake ya pili hakuuliza habari za afya ya mwenyeji wake, bali aliuliza hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani. Watu hawa hawavutwi na udhaifu wa akili. Wengi wa wanawake wanaodanganywa ni walimu, wauguzi, wafanya biashara hodari. Wavutwa na upweke, na upweke huo mara nyingi ni sisi tuliouchimba.

Basi dawa ianzie wapi? Twajibu: ianzie kwenye heshima, na posa ije baadaye. Mwenyezi Mungu hakungoja mwanamke aolewe ndipo amwumbe kwa mfano wake. Katika Ubatizo hatukuulizwa tuna mke au mume. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwaonyesha kwamba ndoa ni karama na hali ya kutooa wala kuolewa nayo ni karama. Ni nani kati yetu aliyempa yeye mamlaka ya kuiita karama mojawapo kuwa ni mkosi?

Tumtazame Pauline Jaricot, mwanamke wa mji wa Lyon katika nchi ya Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1799. Hakuolewa, wala hakuwa mtawa. Alikuwa mlei tu. Ni yeye aliyebuni mpango wa watu kumi kumi kutoa senti kidogo kila juma kwa ajili ya misioni, na katika mwaka 1822 mpango huo ukawa Shirika la Uenezaji wa Imani. Fedha za shirika hilo zilifika hata huku Afrika ya Mashariki, na makanisa yetu mengi yana deni kwake. Katika utu uzima wake alidanganywa na watu aliowaamini katika shughuli ya kuwasaidia wafanyakazi, akapoteza mali yake yote, akafa maskini mwaka 1862. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 22 Mei 2022. Mwanamke aliyetapeliwa na kufilisika leo aheshimiwa altareni. Yeyote aliyepata kudanganywa na aonaye haya kuinua uso wake na alikumbuke jina hilo.

Hata hivyo, kuna kosa la upande wa pili. Wako wamwambiao mwanamke asiyeolewa: “Basi ungeingia utawani.” Neno hili lawadharau watu wawili kwa mara moja. Lamdharau mtawa, kana kwamba nadhiri zake ni kimbilio la waliokosa mchumba. Tena lamdharau mwanamke mwenyewe, kana kwamba kutamani mwenzi katika umri wake ni jambo la kuficha. La hasha! Kutamani kupenda na kupendwa ni mbegu aliyoipanda Mungu mwenyewe, na mbegu hiyo haioti kwa vijana tu.

Wala umri haufungi mlango wa Sakramenti. Wengi hudhani kwamba mwanamke aliyepita umri wa kuzaa hana sababu ya kufunga ndoa kanisani, na jamaa za mwanamume husema wazi: “Atatuletea nini?” Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya uzazi peke yake, na kwamba yabaki na thamani yake hata pale watoto wasipopatikana. Kanuni ya 1084 nayo yasema kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Kwa hiyo bibi arusi wa miaka 48 apite katikati ya kanisa kichwa juu, na kengele zilie kama zinavyolia kwa binti wa miaka 25. Wakubwa na wadogo hupewa Sakramenti ile ile.

Sasa, atafutaje mwanamke wa umri huo, naye akabaki na heshima yake? Kitabu cha Ruthu chatufundisha mengi. Naomi alirudi Betlehemu akiwa amefiwa na mume na wana wawili, akawaambia wanawake wenzake wasimwite tena Naomi bali Mara, maana aliona maisha yake yamekuwa machungu. Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyepoteza tumaini hata la jina lake. Ruthu, mkwewe, mjane na mgeni, hakukaa nyumbani kuomboleza umri. Alitoka akaenda kuokota masuke shambani. Boazi alipomwona alikuwa amekwisha kusikia habari za wema wake. Tena Boazi hakumficha. Alijua kwamba yuko jamaa aliye karibu zaidi mwenye haki ya kumwoa. Akaenda langoni pa mji, akalimaliza jambo hilo mbele ya wazee na mashahidi, kisha akamwoa.

Katika habari hiyo twapata mashauri matatu.

La kwanza: moyo uliovunjika hupona katika kazi na katika watu. Mwanamke asijifungie chumbani akihesabu mvi. Aende kwenye Jumuiya, aimbe kwaya, ajiunge na WAWATA, ajifunze ufundi au lugha mpya, azuru wagonjwa. Asifanye hayo kama chambo cha kunasia mume. Ayafanye kwa kuwa ni maisha yake, na maisha hayangoji. Anayejua anachoweza hatikisiki upesi kwa sifa za mtu mgeni.

La pili: upendo wa kweli haukatai kufika langoni. Mwanamume anayetaka kuonana gizani tu, asiyetaja kwao, asiyependa kuonana na kaka wala paroko, huyo amekwisha jibu swali kabla hujamwuliza. Mwanamke asione haya kuuliza kama mwenziwe yu huru kuoa. Kanisa lina njia za kumsaidia. Ndoa ya Mkatoliki huandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa. Kwa hiyo cheti kipya cha ubatizo huonyesha kama mtu amekwisha kufunga ndoa kanisani. Matangazo ya ndoa nayo yasomwa kwa sababu hiyo hiyo. Tuongeze neno kwa wale waliotengana na waume zao walio hai. Hao wasiseme “niko huru” kwa kuhukumu wenyewe, wala wasikate tamaa. Waende kwa paroko awaelekeze kwenye mahakama ya Kanisa ya jimbo, ambayo kazi yake ni kuchunguza kama kifungo kilikuwapo kweli tangu mwanzo. Baba Mtakatifu Fransisko aliirahisisha njia hiyo mwaka 2015, hivi kwamba hukumu moja yaweza kutosha pale ambapo zamani zilitakiwa mbili.

La tatu: mali iliyopatikana kwa jasho itunzwe kwa akili. Kwa sheria za Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba kuoana peke yake hakuhamishi umiliki wa mali ambayo kila mmoja alikuwa nayo. Mchumba mwema hataudhika akiyasikia hayo. Atakayeudhika ameonyesha mapema alikuja kuposa nini.

Twageukia sasa jamaa na majirani. Enyi wazazi, binti yenu wa miaka 45 ni mtu mzima. Msimtume kama mtoto kwa sababu tu hana mume, wala msimnyime kiti katika baraza la ukoo. Enyi kaka, dada yenu si yaya wa bure wa watoto wenu wala si akiba ya ng'ombe wa mahari. Akipata mchumba wakati wa jioni ya umri wake, msimkwamishe kwa kudai makuu. Nanyi akina mama wenye ndoa, acheni majina ya mzaha, tena acheni kumshuku kila mwanamke asiye na mume kana kwamba amekuja kuvunja nyumba zenu. Mkaribisheni mezani siku ya Noeli na Pasaka, siku ambazo ukimya wa chumba chake humlemea kuliko siku nyingine. Mkimjua mwanamume mwema, mjane au asiyeoa, wakutanisheni kwa adabu, kama washenga wa zamani walivyojua kufanya; kisha mwachieni yeye neno la mwisho.

Na kwako, dada yetu uliyevumilia swali lile kwa miaka mingi, twasema hivi. Kawia ufike, walisema wazee. Lakini hata njiani mtu huishi. Mume akija, aje akukute umesimama wima, mwenye kazi, mwenye marafiki, mwenye sala. Nawe umpokee kwa furaha na shukrani. Asipokuja, usiyahesabu maisha yako kuwa ni kungoja kusikofika mwisho. Watoto uliowafundisha Ishara ya Msalaba, wazazi uliowafumba macho, wadogo uliowavalisha sare za shule, hao wote ni mashahidi kwamba umependa, na kwamba upendo wako ulizaa.

Jumapili hii, baada ya Misa, atakapotoka kanisani mbele yetu, tusimwulize lini. Tumwulize habari za kazi yake na za afya yake, tumngoje ajibu, na tumsikilize. Mungu awabariki.