Mchungaji Asipojibu



Je, ni upendo kumtatulia ndugu yako kila tatizo? Zamani ningejibu ndiyo. Watu walipanga mstari mlangoni kwangu, nami nikajiona mtumishi mwema.

Kitabu cha Kutoka sura ya 18 kilinikemea. Musa aliamua kesi kutwa nzima mpaka mkwewe Yethro akamwonya: utachoka, na watu watachoka. Wafundishe, kisha uweke viongozi, hata wa watu kumi kumi.

Siku moja kiongozi wa seli alinijia. Familia mbili zenye bomba moja ziligombania bili ya maji. Nikamuuliza: Umesikiliza pande zote? Wenyewe wanapendekeza nini? Utaanzia wapi? Akakasirika, akadhani namkwepa. Baada ya wiki alirudi na mapatano nisiyoyawaza: kila nyumba iandike ukutani jerikani inazochota.

Hiyo ni kazi ya kocha. Hapigi mpira, anawaandaa wachezaji. Hapa Kampala, wakimbizi Wakongo walioanzisha YARID mwaka 2007 walianza na kandanda. Vijana walipokutana wakaongea shida zao, yakazaliwa hata madarasa ya Kiingereza.

Lakini tusijifiche nyuma ya maswali. Mwenye njaa mpe chakula kwanza.

Sisi wakimbizi huondoka bila taarifa. Nikihamishwa kesho, mtabaki na viongozi au na mlango uliofungwa? Kwa hiyo, kabla ya kujibu, uliza.