Boma la Mpala Lililogeuka Nyumba ya Mungu



Mmekwisha kufundishwa kwamba kanisa ni nyumba ya Mungu. Leo tuitazame nyumba moja ambayo haikuanza kwa sala.

Kando ya ziwa Tanganyika, kati ya Kalemie na Moba, pana mahali paitwapo Mpala, kwa jina la sultani wa hapo zamani. Mwaka 1883 Émile Storms, askari wa Ubelgiji, alijenga pale boma kwa ajili ya chama cha mfalme Leopoldo wa Pili. Kuta zake zilikuwa nene, za udongo, nazo zilijengwa kwa vita. Mwaka 1884 akatuma watu wake kupigana na sultani Lusinga. Wakamwua, wakamkata kichwa, na Storms akalichukua fuvu lake mpaka Ubelgiji. Kweli, Lusinga aliwateka watu na kuwauza. Lakini dhambi ya mmoja haiifanyi dhambi ya mwingine kuwa haki, na damu ile yatupasa kuikumbuka tunapohesabu mwanzo wa misioni yetu.

Mwaka 1885 boma lile likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, ambao Kardinali Lavigerie aliwaanzisha mwaka 1868 huko Algeri. Basi fikirini: hawakungoja mahali palipo safi. Walipokea kuta zilizojengwa kwa bunduki, wakaweka ndani yake altare. Watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa wakajifunza humo ishara ya msalaba. Ndivyo Mungu atendavyo na moyo wa mtu pia. Huenda mmoja wenu asema moyoni: “Mimi nilipigana na ndugu yangu, nilikwenda kwa waganga, nitawezaje kuwa nyumba ya Mungu?” Ndugu, uliza kuta za Mpala.

Bunduki hazikuondoka siku ile ile. Wawindaji wa watumwa waliendelea kuzunguka, na mwaka 1887 akaja Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, ili kuwalinda watu. Alimwoa Agnes Atakao, mwanamke wa nchi hii, akafa huku mwaka 1927.

Mwaka 1893 misioni nyingine ikaanzishwa Kirungu, iliyoitwa Baudouinville. Askofu Victor Roelens, aliyepewa uaskofu mwaka 1896, alikaa huko, na huko likajengwa kanisa kubwa la matofali ya kuchoma. Ninyi mnaijua kazi hiyo. Udongo huchimbwa, hukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, hutiwa katika kiolezo, huanikwa. Kisha matofali hupangwa kuwa tanuru, na moto huwashwa chini usiku na mchana. Tofali lisiloiva lafanana na jingine kwa macho. Mvua ya kwanza ndiyo hulifunua. Majina ya waliobeba kuni na maji hayakuandikwa ukutani. Mungu ayajua.

Kwa hiyo msinung’unike mkiambiwa mngoje. Lavigerie aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Wengine waliona ni ukali. Mimi naona ni heshima: ubatizo wa haraka katika nchi ya vita ungeweza kuwa njia ya kutafuta ulinzi tu, si ya kumtafuta Yezu Kristu.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze, mtoto wa Watabwa aliyesoma Mpala, akapewa upadri na Askofu Roelens. Yeye ni padri wa kwanza wa Kongo. Miaka 33 tu ilikuwa imepita tangu Lusinga auawe. Wazee walioona vita vile walikuwa bado hai, na sasa mwana wa nchi yao alisimama altareni.

Mtume Petro atufundisha kwamba sisi wenyewe ni mawe yaliyo hai ya kuijenga nyumba ya Roho. Ndiyo maana ibada ya kuwapokea ninyi huanzia mlangoni mwa kanisa. Padri atakuja kuwalaki pale, atawauliza mwataka nini kwa Eklezya. Jumapili ijayo, mkifika mapema, simameni kidogo kizingitini, kila mtu alitafute jibu lake kabla hajaingia.