Kunusa Kisichonukia

Ulimi peke yake hautambui mengi: utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Iliki na mdalasini ni kazi ya pua. Aliyepotewa na harufu, pilau kwake ni wali wa moto tu.

UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020, wengi walifikwa na msiba huo, na dawa za asili zikasifiwa kila mahali: mvuke, tangawizi, chungwa la kuchomwa. Je, ni halali kumpa mgonjwa tumaini lisilo na hakika?

Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza zoezi jepesi: kunusa harufu za waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wapo walioanza kunusa tena, si wote. Karafuu ile ile ya Unguja na Pemba humtaka mgonjwa azingatie, kila siku, kitu asichokipata.

Yupo atakayesema kuwa huko ni kujidanganya. La hasha! Ajidanganyaye husema ananusa ilhali hanusi. Mwenye zoezi hukiri kuwa hanusi, kisha huinama tena. Mganga aahidiye kupona huuza asichonacho. Asemaye "jaribu, huenda ikafaa" humheshimu mgonjwa wake.

Hadi harufu irejee, kama itarejea, asiyenusa atamwuliza mwenziwe kama maziwa yamechacha au jikoni kuna kiunguacho. Naye mwenziwe, kama mganga, hana budi kumjibu kweli.