Aliyetoka Mbali Achukue Ngapi?

Fataki ni kitu kidogo mno. Siongelei zile za mkesha wa mwaka mpya, wala yule fataki wa matangazo ya redio, baba mzima anayewarubuni wanafunzi, ambaye Watanzania wa rika langu bado wanamkumbuka. Naongelea fataki kwa maana yake ya zamani, ile waliyoijua wenye magobore: kikombe cha madini kinachopigwa na nyundo ya bunduki, kikatoa cheche, cheche ikawasha baruti. Ya bunduki kubwa ya kuwindia ina upana wa milimita tano na ushee. Ukiiangusha kwenye zulia utaitafuta kwa magoti.

Huku Marekani kuna watu wengi wanaojitengenezea risasi zao wenyewe nyumbani. Wanaokota ganda la shaba lililokwisha kupigwa, wanatoa fataki iliyokufa, wanalirudisha ganda kwenye umbo lake, wanaweka fataki mpya, wanapima baruti kwenye mizani, halafu wanakandamiza kichwa cha risasi juu yake kwa mashine ya mkono. Kazi ya subira. Ganda moja linatumika tena na tena. Vichwa unaweza kuvimimina mwenyewe kwa risasi iliyoyeyushwa ukiwa na kalibu. Fataki ndiyo ngumu. Hiyo unangoja kiwanda, na viwanda vya kuitengeneza nchini humu ni vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa mwaka 2020 ukaingia na mambo yake. Korona, maandamano, uchaguzi. Watu wakanunua bunduki kama wanaonunua mkate kabla ya kimbunga. Ukaguzi wa wanunuzi unaofanywa na FBI ulikaribia milioni 40 mwaka ule. Julai hiyohiyo kampuni ya Remington, mmoja wa watengenezaji wachache wa fataki, ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Boksi la fataki elfu moja, ambalo kabla ya hapo ungelipata kwa dola 30 au 40, likawa linauzwa kwa dola 100 na zaidi mikononi mwa wajanja. Ukiagiza kwa mtandao, kuna ada ya usafirishaji wa vitu vya hatari juu yake, na ada hiyo haijali umenunua nyingi au kidogo. Kwa hiyo mnyonge anayetaka mia moja tu ndiye anayeumia zaidi. Basi watu wakaingia barabarani.

Jirani yangu hapa Lincoln, Nebraska, ni mmoja wao. Mzee wa miaka 71 wakati ule. Ana bunduki ya marehemu baba yake, Savage 99, inayokula risasi za aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1920 na ambazo leo maduka mengi hayahangaiki nazo. Asipotengeneza mwenyewe, ile bunduki ni fimbo. Kila Novemba anapiga kulungu mmoja wa mkia mweupe, anajaza friza, na kifurushi kimoja kinavuka uzio kuja kwangu. Mimi silengi shabaha wala sina bunduki, na nina maneno yangu kuhusu bunduki katika nchi hii, ila nyama naipokea. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu. Huyu ndiye aliyemkimbiza mke wangu hospitali saa nane usiku wakati mimi niko kazini zamu ya usiku. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu bila hilo swali langu si swali.

Machi 2021 akaambiwa kuna duka North Platte limepokea fataki. Kutoka kwetu ni kama kilomita 360, barabara kuu namba 80, moja kwa moja kuelekea magharibi. Akaniomba nimsindikize tupokezane usukani. Nikaenda, nikiri kwamba nilikwenda zaidi kwa ajili ya korongo. Mwezi wa tatu, karibu na Kearney, korongo wanaohama hutua kwenye mto Platte kwa malaki, wanajaza mashamba ya mahindi yaliyovunwa hadi ardhi inaonekana ya kijivu. Aliyeona nyumbu wa Serengeti wakivuka Mara ataelewa. Mzee hakupunguza mwendo hata kidogo. Alikuwa anahesabu dakika.

Dukani kulikuwa na maboksi manne kwenye rafu, na karatasi imebandikwa: mawili kwa kila mteja. Mzee akachukua mawili, akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe pia ni mteja. Chukua hayo mawili."

Nikamwambia hapana.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mzee huyu, mazoezi na mawindo vyote vikijumlishwa, hapigi zaidi ya risasi 40 kwa mwaka. Boksi moja la elfu ni miaka 25. Mawili ni miaka 50. Manne ni karne, na wala hakuwa amekwisha kabisa: nyumbani alibaki na chache. Hata upande wa fedha haukukaa sawa, maana mafuta ya pikapu yake kwenda na kurudi yalikula dola sitini na kitu, na kisa cha watu kujitengenezea risasi hapo mwanzo kilikuwa kubana matumizi. Haikuwa fedha basi. Na siwezi kusema ni uchoyo, kwa sababu mtu mchoyo hagawi nyama.

Hoja yake aliitoa njiani, baada ya kimya cha kama saa nzima. Ilikuwa hoja ya safari. Nimeamka saa kumi alfajiri, alisema, nimeendesha, nimechoma mafuta. Yule anayeishi mtaa wa pili kutoka pale dukani hajaamka. Kwa nini yeye amelala na mimi niko barabarani, halafu nimwachie?

Ni hoja yenye nguvu kuliko inavyoonekana. Sisi wenyewe tunaamini kwamba jasho lina haki. Aliyelima ndiye mwenye shamba. John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, aliijengea falsafa nzima: kitu cha wote kinakuwa chako pale unapokichanganya na kazi yako. Lakini Locke huyohuyo aliweka sharti ambalo wanaompenda hulisahau, kwamba haki hiyo inasimama pale ambapo wengine wamebakiziwa vya kutosha na vya ubora uleule. Ukichota maji mtoni, hakuna aliyeibiwa. Ukichota kikombe cha mwisho cha kisima, habari ni nyingine, hata kama umetembea kutwa kukifikia. Umbali unaonyesha tu jinsi ulivyokitaka kitu. Yule aliyekuwa amelala pengine alikuwa zamu ya usiku, kama mimi siku ile.

Wanazuoni wa Kiislamu walilipa jambo hili jina: ihtikari, kuhodhi bidhaa watu wanapoihitaji. Ghazali ameliandikia katika kitabu chake kikubwa, na mafakihi wakabishana kwa muda mrefu: je, katazo linahusu chakula peke yake, au kila kitu ambacho kukosekana kwake kunawadhuru watu? Ubishi huo naupenda kwa sababu unalazimisha swali ambalo Locke analiruka: ni kitu gani hasa unakihodhi? Fataki ni chakula? Kwa mtu anayejaza friza kila Novemba, karibu ni chakula. Lakini fataki haijui kama mbele yake kuna karatasi ya shabaha, kulungu, au mtu. Mwaka ule waliokuwa wanazitafuta hawakuwa wawindaji tu. Wengi walikuwa watu wanaowaogopa majirani zao. Nilipokataa kuchukua yale maboksi, hilo nalo lilikuwemo, sitaficha. Sikutaka jina langu liwe kwenye karne moja ya milipuko.

Nilidhani nimelimaliza. Jumapili nikampigia mama simu, yuko Rombo, nikamsimulia kama kichekesho. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za huko, nzuri. Nikasimulia. Akanyamaza, halafu akauliza, "Huyo si ndiye aliyempeleka mkeo hospitali?" Ndiye. "Na hao uliowaachia unawajua?" Siwajui. "Haya," akasema. Wanaomjua mama wanajua hiyo haya ina uzito gani.

Lazima niwaambie mama alitoka wapi. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikauka bidhaa. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya kupikia hakuna. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Wanawake wa Rombo walikuwa wanavuka usiku kwa njia za panya kwenda Loitokitok kutafuta sabuni na Kimbo, wakirudi na mzigo chini ya majani ya ng'ombe. Serikali iliita magendo. Mama aliita kufua nguo. Na pale duka la ushirika lilipopata mgao, kila mtu kipande kimoja, mama alitupanga foleni wanawe wote wanne, tukiwa na nafasi tofauti tofauti, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa mteja.

Kwa hiyo alichokuwa ananiambia, bila kukisema, ni hiki: umelelewa kwa kipande cha sabuni cha pili, cha tatu na cha nne. Leo umepata wapi ulimi wa kukataa?

Nimelifikiria hili kwa miaka sasa. Jibu langu la kwanza ni kwamba ile sabuni iliisha ndani ya mwezi. Tulikuwa watu sita na nguo zilikuwa chafu. Kuna tofauti kati ya kukimbilia kitu unachokitumia na kukimbilia kitu ili usije ukakikosa. Cha kwanza kina mwisho, shati likitakata limetakata. Cha pili hakina mwisho, kwa sababu hofu haihesabu. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba inajitimiza yenyewe: kila anayenunua ya miaka 50 kwa kuogopa upungufu ndiye upungufu wenyewe anaouogopa. Mzee ananilaumu viwanda na wanasiasa kwa rafu tupu, na yeye ana rafu iliyojaa chini ya nyumba yake. Zidisha kwa mamilioni.

Jibu hilo naliamini. Ila lina ufa, na mama aliuona kabla yangu. Mwaka 1983, serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, walanguzi walikamatwa, na wengine wakatupa bidhaa zao mashimoni na mitoni usiku. Lakini kwenye msako ule nani angemtofautisha mlanguzi na mama mwenye vipande sita vya sabuni chini ya kitanda? Alivyokuwa navyo mama vilikuwa zaidi ya mahitaji ya wiki. Vilikuwa vya mwezi ujao, endapo. Hiyo "endapo" ndiyo ileile ya mzee. Aliikumbuka 2013, baada ya mauaji ya Sandy Hook, rafu zilipokauka kwa hofu ya sheria mpya. Aliyekosa mara moja hana mizani ya kawaida tena. Kumwambia "unatumia 40 tu kwa mwaka" ni kama kumwambia mama, ambaye mpaka leo ana mifuko mitatu ya sukari kabatini, kwamba duka liko ng'ambo ya barabara na halifungwi.

Na sisi watu wa vitabu tusicheke sana. Nani kati yetu hajawahi kutoka na riwaya nane kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kisa hazichapishwi tena, huku zile nane za mwaka jana hazijafunguliwa? Nakala ya mwisho ya kitabu fulani iko kwangu, haijasomwa, na kuna mwanafunzi mahali fulani anayeitafuta. Tofauti ni kwamba kitabu hakilipuki, na sina hakika tofauti hiyo inatosha.

Kinachobaki kunisumbua si mizani ya Locke. Ni kwamba nilimpendelea mtu asiye na uso dhidi ya mtu mwenye uso, na uso huo nilikuwa na deni nao. Mafundisho tuliyokuzwa nayo, jirani ni ndugu, fadhila hulipwa kwa fadhila, hayakuniandaa kwa karatasi iliyobandikwa rafuni, ambayo maana yake ni kuwajali watu ambao huwezi kuwaona. Wakati tunatoka, kijana mmoja aliyevaa ovaroli lenye grisi alikuwa anaingia akikimbia, na nilimwona kupitia kioo akisimama mbele ya rafu ile. Sikuona alichukua mangapi. Huenda alichukua yote mawili akaenda kuyauza mtandaoni kwa bei ya kuruka. Nikijua hivyo, je, kukataa kwangu kunabadilika kuwa upuuzi? Nasema hapana, ingawa mama anasema ndiyo, na tumekubaliana kutolizungumza wakati wa sikukuu.

Novemba ile kifurushi cha nyama kilivuka uzio kama kawaida. Siku hizi fataki zimeanza kuonekana tena madukani, japo bei haijarudi ilikokuwa. Yale maboksi mawili ya North Platte yapo chini ya nyumba yake, hayajafunguliwa, nimeyaona. Juzi aliniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Amesikia kuna duka Cheyenne, Wyoming, ambako ni mbali zaidi. Nimemwambia nitamjibu.