Nehemia Alipoitisha Mkutano

Somo: Nehemia 5:1–19

Siku hizi hapa Mugango, baada ya ibada, mwaloni na vijiweni kwa bodaboda, watu wanaulizana: je, Mkristo anaruhusiwa kuandamana kupinga ufisadi serikalini? Wapo wanaojibu kwa kufungua Warumi 13, inayotutaka tutii mamlaka, na kuifunga Biblia hapo hapo. Mimi naomba tuende Nehemia sura ya 5 tukae nayo. Humo tunawakuta wananchi waliopaza sauti dhidi ya wakubwa wao, na kiongozi aliyewasikia.

Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, na njaa imeingia mjini. Wenye watoto wengi hawana nafaka. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula. Wengine wamekopa fedha za kulipia kodi ya mfalme wa Uajemi. Wamefika mahali pa kuwatoa watoto wao utumwani, na baadhi ya mabinti wameshachukuliwa. Wanaowakopesha kwa riba na kuwanyang'anya ni Wayahudi wenzao, wakuu wa mji, watu wanaosali nao. Ndipo kilio kikubwa kikapanda, na mwandishi anatuambia wazi kwamba wanawake walikuwamo. Tusiliruke hilo. Nyumba ikikosa unga, mama ndiye anayejua kwanza, na kilio chake kimeandikwa katika Neno la Mungu pamoja na cha mume wake.

Sasa tazama kilio hiki kilikuja wakati gani. Kilikuja katikati ya mradi mkubwa wa taifa, na maadui wa kweli wakiwa nje ya ukuta. Sanbalati, Tobia na Geshemu hawakuwa hadithi za kutishia watu. Walipanga kushambulia, hata wajenzi wakafanya kazi mkono mmoja ukishika silaha. Nehemia alikuwa na kila kisingizio cha kuwaambia wanyamaze kwanza, wasiwape adui nafasi. Angeweza kuuliza ni nani aliyewatuma, au nani aliyewalipa. Hakuuliza. Aliposikia maneno yao alikasirika sana, na hasira hiyo aliipeleka kwa wakuu. Kwangu mimi hapa ndipo penye moyo wa somo. Kwetu Afrika Mashariki wananchi wakilia, jambo la kwanza ni kumsaka mchochezi. Nehemia alianza kwa kukisikiliza kilio chenyewe.

Kisha akatafakari moyoni, akawakemea wakuu uso kwa uso, na akaitisha mkutano mkubwa juu yao. Watuhumiwa walisimama mbele ya watu waliowaumiza, na hawakuwa na la kujibu. Ndipo Nehemia akatamka neno ambalo viongozi wachache hulitamka hadharani: kwamba yeye mwenyewe, ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wanakopesha. Akajiweka ndani ya hesabu. Akataka mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba zirudishwe siku hiyo hiyo, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Walipokubali, hakuridhika na kukubali kwao. Aliwaita makuhani, akawaapisha. Na mwisho wa sura anaeleza kwamba kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya liwali, ingawa waliomtangulia walitoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha.

Sisi wa Mkoa wa Mara tusome mistari hiyo tukikumbuka jirani yetu wa Butiama. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wakaigusa mishahara mikubwa ya viongozi. Mwalimu Nyerere alikasirika. Aliwarudisha makwao kwa mamia, na jambo hilo linabishaniwa hadi leo. Lakini siku ile ile alikiri kwamba kuhusu mishahara walikuwa wamesema kweli, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni za kibepari, asiwe na nyumba za kupangisha. Oktoba mwaka huo Mwalimu akatembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio. Wazee wa huku wanaiita safari hiyo matembezi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kutembea barabarani kwa ajili ya uadilifu ni dhambi.

Hata hivyo, Machi 1978, wanafunzi walipoandamana tena kupinga marupurupu mapya ya wabunge na mawaziri, walifukuzwa chuo kwa mamia. Serikali ile ile, chini ya kiongozi yule yule, ilisikia nusu ya kilio mara ya kwanza na mara ya pili ikaziba sikio. Na miiko yenyewe ililegezwa katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991. Mnajua wenyewe kilichofuata: kashfa za fedha za umma, EPA, Richmond, Escrow.

Escrow inatuhusu kanisani kuliko tunavyopenda kukubali. Mwaka 2014 hakikuwa kishindo cha barabarani kilichoifichua. Ni karatasi za ukaguzi, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, na mjadala wa Novemba uliowafanya watu washinde redioni. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu, na waziri mmoja akaondolewa. Na katika majina ya waliopokea fedha zilizotokana na sakata lile, walisomwa pia viongozi wa dini. Nehemia aliwaita makuhani wasimamie kiapo. Sisi tumewahi kuona majina ya watumishi wa madhabahu katika orodha ya wapokeaji. Basi tunapouliza kama wananchi waandamane, kanisa lijiulize kwanza ni harambee ngapi limempokea mgeni rasmi mwenye bahasha nene bila kuuliza imetoka wapi.

Turudi kwenye Warumi 13. Mtume Paulo aliyeandika sura ile ndiye aliyekataa kuondoka kimya kimya Filipi. Yeye na Sila walipigwa hadharani bila kuhukumiwa, na mahakimu walipotaka kuwatoa kwa siri, Paulo alisema waje wenyewe wawatoe (Matendo 16:37). Alidai sheria ifuatwe, mbele za watu. Na Paulo huyo huyo alikaa kifungoni miaka miwili huku liwali Feliki akitarajia apewe fedha (Matendo 24:26). Hakutoa. Kuheshimu mamlaka kulimfanya adai haki yake, na kulimfanya akatae kununua uhuru wake kwa rushwa.

Katiba yetu nayo, katika Ibara ya 20, inatambua uhuru wa kukusanyika kwa amani. Ni mchungaji, Christopher Mtikila, aliyekwenda Mahakama Kuu kule Dodoma mwaka 1993, na mwaka uliofuata Jaji Lugakingira akaamua kwamba kulazimisha watu waombe kibali cha kukusanyika kunapingana na Katiba. Ikabaki kutoa taarifa polisi saa 48 kabla. Januari 24, 2024, watu waliandamana Dar es Salaam polisi wakiwalinda, na wakarudi nyumbani salama. Kwa hiyo inawezekana.

Lakini tumeona na mengine. Kenya, Juni 2024, vijana waliompachika Rais wao jina la Zakayo kwa sababu ya kodi waliupinga Muswada wa Fedha hadi ukaondolewa, na baraza la mawaziri likavunjwa Julai. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilihesabu angalau watu 60 waliokufa. Siku chache baada ya baraza kuvunjwa, baadhi ya mawaziri wakarudishwa kazini. Na kwetu, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, damu ilimwagika katika miji yetu, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Nyumba zilizofiwa zinahitaji kwanza tulie nazo, na zinastahili kuambiwa ukweli wote.

Mimi nasema hivi: kilio cha watu wengi, kikiwa cha amani, ni halali mbele za Mungu, na serikali inayokijibu kwa risasi inatenda dhambi. Anayechoma duka la mwenzake ametoka ndani ya kilio cha Nehemia 5 na kuingia katika jambo jingine. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934, na baada ya miaka michache wakafungua kituo hapa Mugango, walitokana na kanisa ambalo kwa karne nyingi limekataa kushika silaha. Urithi huo ni wetu, na hautufundishi kunyamaza.

Kelele peke yake inaweza kuondoa muswada. Shamba lililoporwa halirudi kwa kelele. Wale wa Yerusalemu walitaja vitu kwa majina: nafaka, mizabibu, kodi, watoto wetu. Kilio chao kikapata mkutano, mkutano ukapata kiapo, kiapo kikafuatwa na utekelezaji. Bila hatua hizo zinazofuata kilio, tutaandamana leo na kuibiwa kesho na watu wale wale. Wazee wa uamsho wa miaka ya 1940 katika mkoa huu waliijua njia hiyo. Aliyeokoka alirudisha jembe, shuka au fedha aliyoiba, tena kwa mkono wake, na watu wakaamini kwamba kweli ameokoka.

Na mkutano wa Nehemia tunao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imekipa kila kijiji mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Humo ndimo mapato na matumizi husomwa. Shule, zahanati, mradi unaosukuma maji ya ziwa kutoka hapa kwetu hadi Kiabakari na Butiama, vyote vimejengwa kwa fedha za umma, na fedha za umma zina hesabu. Ni aibu kwamba tunaweza kujaza uwanja kumsikiliza mhubiri mgeni, halafu mkutano wa kijiji ukaahirishwa kwa sababu hatukufika.

Basi, ndugu yangu, na wewe mama uliye na mkutano wa jumuiya Alhamisi: ulizeni mkutano wa kijiji chenu ulifanyika lini mara ya mwisho. Kama muda wake umepita, mwandikieni mwenyekiti kwa pamoja, mkiweka majina na sahihi. Siku ikifika nendeni wengi, akina mama wakae mbele, muombe mapato na matumizi yasomwe mstari kwa mstari. Mkiona fedha imepotea, pigeni 113, TAKUKURU wapokee taarifa. Na kabla ya siku hiyo, kila mmoja wetu aliyewahi kupokea kisicho chake akirudishe.