Mwaka Mmoja Tena, na Samadi



Mfano wa mtini usiozaa, katika Injili ya Luka sura ya 13, hauhitaji maelezo mengi kwa wakulima wa kahawa kule Imenti au Runyenjes. Mwenye shamba anakuja miaka mitatu kutafuta matunda, hapati kitu, anamwamuru mtunza shamba aukate mti. Mche wa kahawa nao huchukua kama miaka mitatu tangu kupandwa hadi kuanza kuchumwa, na mzazi mwenye karo ya kulipa anajua urefu wa miaka hiyo.

Wazee wetu waliungoja mti huu wa kahawa kabla hata ya kuupanda. Chini ya ukoloni kahawa ilikuwa zao la walowezi. Ni katika miaka ya 1930 ndipo serikali iliporuhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kuijaribu, tena chini ya macho makali ya maofisa. Baada ya uhuru zikaja siku njema. Baridi ilipounguza kahawa ya Brazili Julai 1975, bei ilipanda duniani kote, na wengi walijenga na kusomesha kwa malipo ya sosaiti, yaani vyama vyao vya ushirika. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Kisha, Julai 1989, mapatano ya kimataifa ya kahawa yaliyokuwa yakiipa kila nchi mgao wa mauzo yakavunjika, na bei ikaporomoka. Kukafuata malipo ya kuchelewa na madeni ya sosaiti, na ule ugonjwa unaoozesha matunda yangali mabichi haukungoja mtu apate pesa za dawa. Wengine waling'oa. Wengine walipanda migomba katikati ya mistari na kuiacha kahawa ijitafutie. Leo mavuno ya nchi hayafiki nusu ya yale ya 1987/88.

Simhukumu aliyeng'oa. Mtu aliyebeba cheri za kahawa hadi kiwandani msimu mzima, akalipwa pesa zisizorudisha hata gharama ya kunyunyizia, hana dhambi akipanda nyasi za ng'ombe wake. Hata mtunza shamba wa Luka alikubali kwamba siku ya shoka ingeweza kufika.

Lakini mtazameni mtunza shamba huyo. Katika mfano wote hakuna anayeuambia mti ujikaze. Anayevumilia ni yeye, na uvumilivu wake una jembe mkononi: anaomba mwaka mmoja zaidi, na papo hapo anataja kazi atakayoifanya, kulima kuzunguka shina na kutia mbolea ya zizi. Ombi lake na kazi yake ni kitu kimoja.

Sisi kanisani tumezoea kuuhubiria mti. Tunamwendea mjane, au kijana aliyemaliza chuo na miaka inapita bila kazi, au baba anayesafishwa damu hospitalini kila wiki, tunamwambia ajipe moyo, Mungu yupo. Ni kweli, Mungu yupo. Kisha tunaomba, tunakunywa chai yake, tunaondoka, naye anabaki na nauli ya kesho asiyoijua itatoka wapi. Ndugu zangu, hapo tumemtwika mzigo wa pili: sasa anaumwa, na tena anaona haya kwa kuwa moyo wake umelegea. Wengi niwajuao waliostahimili miaka migumu hawakuzaliwa na moyo mgumu kuliko wengine. Palikuwa na mtu aliyewalimia kibarua siku ya kliniki, au dada aliyelipa muhula mmoja bila kutangaza.

Na wewe uliye katikati ya taabu, wiki hii usidai kwa nafsi yako furaha usiyo nayo. Jifunze kwa mkulima mwenye mibuni iliyozeeka. Anakata shina kama futi moja kutoka ardhini, anaacha machipukizi mawili matatu yenye nguvu, mengine anayaondoa. Mavuno ya maana hayarudi upesi. Kwa hiyo mwenye busara hakati shamba lote mara moja; anakata sehemu, sehemu nyingine inaendelea kulisha nyumba. Tumaini lake limepigiwa hesabu, na si haba kwa sababu hiyo. Anza upya mahali pamoja. Penye matunda kidogo, endelea kuchuma.

Tuombe.

Bwana Yesu, unayetuombea mbele za Baba, uwakumbuke wanaongoja malipo ya kahawa yao na watoto wako nyumbani kwa kukosa karo. Uwape viongozi wa sosaiti mizani ya haki na vitabu vilivyo wazi. Mwenye kuchoka umpe usingizi usiku wa leo. Nasi utuonyeshe jirani mmoja ambaye hadi sasa tumempa maneno tu, na kabla ya Jumapili utufikishe kwake na kitu mkononi. Amina.